Kabla ya Kununua Chochote cha Kijani, Pima Ndoo Yako

Anayetaka kupunguza madhara ya nyumba yake kwa mazingira mara nyingi huanzia dukani. Hununua chupa ya chuma, mswaki wa mwanzi na mifuko ya kitambaa, lakini baada ya miezi miwili ndoo ya taka bado inajaa siku ileile ya juma. Vitu hivyo si vibaya. Ila vimenunuliwa kabla ya kujua tatizo la nyumba hiyo liko wapi, na mara nyingi liko kwingine kabisa: kwenye mabaki ya chakula, kwenye choo kinachovuja kimyakimya, kwenye friji ambayo mpira wa mlango umelegea. Kazi ya kwanza ni kupima. Ya pili ni kutoka nje na kujua nani, ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, anatupa kitu unachokihitaji, na nani anahitaji kitu unachokitupa. Mengine yote hufuata hapo.

Wiki moja ya mizani

Tenga vyombo vitano: cha mabaki ya jikoni na majani, cha karatasi na maboksi, cha plastiki, cha chupa za kioo na makopo, na kimoja kidogo chenye mfuniko kwa vitu vya hatari kama betri, balbu na dawa zilizopitwa na wakati. Kila jioni, saa ileile, pima kila chombo kwa mizani, toa uzito wa chombo kitupu, kisha andika. Fanya hivyo kwa siku saba za kawaida. Wiki yenye sherehe au wageni itakudanganya. Wote wa nyumbani wajue kinachofanyika, lakini wasibadili mazoea yao kwanza, maana ukipima nyumba iliyojirekebisha kwa wiki moja utapata hesabu ya nyumba isiyokuwepo.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kupima mabaki ya jikoni baada ya kukaa juani siku mbili, yakiwa yamekauka na kupungua uzito. La pili ni kuhukumu kwa macho badala ya mizani. Plastiki hujaza ndoo kwa sababu imebeba hewa, lakini ukiiweka kwenye mizani haifui dafu mbele ya maganda na makombo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba 44% ya taka za manispaa duniani ni mabaki ya chakula na mimea. Kwa hiyo usishangae daftari lako likisema hivyohivyo.

Sasa kigawe kile chombo cha kwanza mara mbili: kilichokuwa kinalika kikatupwa, na kisicholika, kama maganda, mbegu na mizizi. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilihesabu kuwa mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa majumbani, mikahawani na madukani, na 60% ya hizo zilitoka majumbani. Hakuna mboji inayofidia chakula kilichopikwa kikamwagwa, kwa sababu maji yaliyokikuza, mafuta yaliyokisafirisha na moto uliokipika vimekwisha kutumika. Bandika karatasi jikoni, na kila kinachotupwa kiandikwe pamoja na sababu yake kwa maneno mawili: "kilipikwa kingi", "kilisahaulika", "kiliharibika". Sababu tatu, tiba tatu. Kilichopikwa kingi dawa yake ni kupima kwa kikombe kabla ya kuinjika chungu. Kilichosahaulika dawa yake ni kutenga rafu moja, iliyo usawa wa macho, ya vile vinavyotakiwa kuliwa kwanza. Kilichoharibika mara nyingi ni suala la joto: chakula kilichopikwa kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, kwenye vyombo vifupi ili kipoe upesi, na friji yenyewe iwe karibu nyuzi 4 za Selsiasi.

Lundo la mboji, na jinsi linavyoharibika

Maganda yaliyobaki yana njia nzuri kuliko dampo. Yakizikwa chini ya mlima wa taka, hewa haiyafikii, na bakteria wasiohitaji oksijeni huyageuza kuwa methani, gesi ambayo kilo kwa kilo huteka joto karibu mara 28 zaidi ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Yakioza penye hewa huwa kaboni dioksidi, mvuke, joto na mboji. Kanuni nyingi tunazozifuata leo zilinyooshwa huko Indore, India, ambako Albert Howard aliongoza taasisi ya utafiti wa mimea kati ya 1924 na 1931, akijifunza pia kutoka kwa wakulima waliomzunguka.

Bakteria wa lundo wanataka kama sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Hakuna apimaye kaboni kwa ndoo, kwa hiyo kwa vitendo ni hivi: ndoo moja ya vibichi kwa ndoo mbili hadi tatu za vikavu. Vibichi ni maganda, majani mabichi, nyasi zilizokatwa sasa hivi, machicha ya kahawa. Vikavu ni majani yaliyodondoka, nyasi kavu, mabua, maboksi yaliyochanwachanwa, maranda. Samadi huwapotosha wengi: hata ikiwa kavu na ya kahawia, ihesabu pamoja na vibichi kwa sababu ina naitrojeni nyingi. Unga wa mbao nao una kaboni nyingi mno, kati ya sehemu 200 na 500 kwa 1, na hushikamana ukazuia hewa. Utie kidogo, uuchanganye na majani, usiufanye tabaka zima.

Ukubwa una maana. Lundo lililo chini ya mita 1 kwa mita 1, na kimo cha mita 1, hupoteza joto upesi kuliko linavyolizalisha. Chini kabisa tandika matawi ya unene wa kidole gumba, sentimita 15 hivi, ili hewa ipande kutoka chini. Juu yake weka vikavu sentimita 15, vibichi sentimita 5 hadi 7, nyunyiza koleo moja la mboji ya zamani au udongo wa shamba, mwagia maji, kisha rudia. Maliza na vikavu. Unyevu upime kwa mkono: chukua konzi kutoka ndani, ikamue kwa nguvu. Tone moja au mawili yakitokeza kati ya vidole, unyevu ni sawa. Maji yakitiririka, limelowa kupita kiasi. Ukifungua kiganja na konzi ikabomoka yenyewe, lina kiu.

Ndani ya siku mbili hadi nne lundo lililojengwa vizuri hupata joto. Kama huna kipimajoto kirefu, chomeka fimbo ya chuma hadi katikati, iache dakika 10, ichomoe na ushike ncha yake. Ukishindwa kuishika kwa raha, lundo limepita nyuzi 50. Lengo ni nyuzi 55 hadi 65. Lundo likikaa nyuzi 55 kwa siku tatu mfululizo, vimelea vingi na mbegu nyingi za magugu hufa, ila ni vile tu vilivyo katikati. Vya pembeni vimekaa kwenye baridi. Ndiyo maana lundo hugeuzwa, na kugeuza kwenyewe ni kuyapeleka ya nje ndani na ya ndani nje. Kuzungushazungusha juu hakutoshi. Geuza joto linaposhuka, kwa kawaida kila wiki. Likipita nyuzi 70 geuza mara moja, kwa kuwa hapo hata bakteria wanaokufanyia kazi wanaanza kufa.

Kuna kasoro moja inayofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu huonekana kama mafanikio. Unafungua lundo lililopata joto kali, na katikati unakuta tabaka la unga wa kijivu cheupe, jepesi kama jivu, linalotimka ukiligusa. Wengi hudhani ni dalili ya mboji kuiva, au kwamba lundo limeungua. Ukweli ni kwamba lundo limekauka likiwa moto. Aina ya bakteria wanaovumilia joto na ukame, wanaotanda kama utando wa buibui, wamelitwaa eneo hilo, na wenzao wameacha kazi. Vipande vya maganda vilivyomo humo utavikuta na umbo lake lilelile, vimekauka tu. Ukimwaga maji juu hayatasaidia, yatateleza pembeni. Libomoe lote, lowesha tabaka kwa tabaka kwa ndoo yenye matundu madogo, kisha lijenge upya.

Kasoro nyingine zinajitangaza zenyewe. Harufu kali inayochoma pua ni amonia: naitrojeni imezidi, ongeza vikavu. Harufu ya yai viza maana yake hewa imekosekana, ama kwa maji mengi ama kwa kushikamana; geuza na uchanganye vitu vyenye mapengo kama mabua na vijiti. Lundo lisilopata joto lolote ni dogo, kavu, au limekosa vibichi. Inzi hufuata maganda yaliyoachwa wazi. Kila ukimimina vibichi, vifunike kwa sentimita 5 za vikavu. Panya hufuata vilivyopikwa, nyama na mafuta. Hivyo usiviweke, na kama panya wameshazoea, zungushia na tandika chini wavu wa waya wenye mashimo yasiyozidi milimita 6.

Asiye na uwanja anaweza kutumia ndoo mbili za lita 20 zenye matundu ubavuni na chini, zikipokezana: moja inajazwa, nyingine inaiva. Ndoo haipati joto la lundo, kwa hiyo magugu yenye mbegu na mimea iliyougua visiingie humo kabisa.

Lundo linalogeuzwa huiva kwa miezi miwili hadi minne; lisilogeuzwa huchukua nusu mwaka hadi mwaka. Usiamini rangi. Jaza mfuko wa plastiki kwa mboji yenye unyevu, ufunge kwa siku tatu, ufungue na kunusa. Ikinukia udongo uliopata mvua, imeiva. Ikinuka uchachu au amonia, irudishe. Mboji mbichi ikitiwa bustanini huendelea kuoza palepale na kunyang'anya mimea naitrojeni, majani yanageuka manjano, na mwenye bustani analaumu mbegu. Ikiiva, sentimita 2 hadi 5 juu ya tuta zinatosha, na kwenye vyungu isizidi theluthi moja ya mchanganyiko.

Malighafi iliyo jirani

Tatizo la lundo la nyumbani karibu daima ni vikavu. Vibichi hujileta kila siku, vikavu hutafutwa. Seremala ana maranda anayoyalipia yaondolewe au anayoyachoma. Mwenye kufuga ana samadi. Shule na makaburi yana miti mikubwa inayodondosha majani. Mgahawa una machicha ya kahawa. Watu hawa wengi wako tayari kutoa bure, ila wanachotaka ni uhakika. Peleka ndoo yako yenye mfuniko, chagua siku moja ya wiki, na usiikose. Ukikosa mara mbili, ndoo imekaa mlangoni kwao ikinuka, na mlango huo umejifunga kwa atakayekuja baada yako pia.

Kabla ya kupokea, uliza. Kwa seremala: mbao hizi zimetiwa dawa? Mbao za nguzo na za nje mara nyingi zimelowekwa kwenye dawa yenye shaba, na zile za zamani zina kromi na arseniki pia; zingine huonyesha rangi ya kijani kwa mbali. Hizo hazifai kwa mboji, na hazifai kuchomwa. Vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi, kama plaiwudi, liache pia.

Kwa mfugaji swali ni gumu zaidi, na wengi hawalijui. Kuna viuagugu vinavyopigwa kwenye malisho, kama aminopiralidi, ambavyo hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, vikatoka na samadi, na vikaendelea kuua mimea ya majani mapana kwa miezi mingi. Mfugaji aliyenunua nyasi kwa mwingine anaweza asijue kabisa. Basi jaribu mwenyewe. Chukua vyungu sita. Vitatu vijaze mchanganyiko wa samadi sehemu 1 na udongo safi sehemu 2, vingine vitatu udongo safi peke yake. Panda maharage matatu kila chungu, mwagia kwa kiasi kimoja, na usivikalishe kwenye sinia moja, maana maji ya chungu kimoja yatakiambukiza kingine. Subiri wiki tatu, utazame majani ya tatu na ya nne. Yakijikunja kama kijiko, ncha zikisokotwa na shina likipinda, samadi hiyo ina dawa. Majani yakilingana vyunguni mote, ipokee. Wiki tatu za kusubiri ni nafuu kuliko msimu mzima wa nyanya zilizosokotwa.

Plastiki, karatasi na vyuma navyo vina wenyewe. Namba ya 1 hadi 7 iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo ilianza kutumika Marekani mwaka 1988, na inataja aina ya plastiki tu. Haiahidi kwamba kuna mtu atakayeichakata. Namba 1, ya chupa za vinywaji, na 2, ya madumu na chupa za sabuni, hupata soko kwa urahisi. 5 hutegemea mahali. 3 na 6 mara nyingi hazina mnunuzi. Wa kumuuliza ni mtu anayeokota na kuuza, na aulizwe kwa heshima, kwa sababu anajua njia za taka za mtaa kuliko karatasi yoyote ya ofisini. Anapokea aina zipi? Vifuniko vibaki au vitoke? Anataka zioshwe? Uzito wa chini ni kiasi gani? Suuza kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, yanatosha. Karatasi iliyoloa mafuta usiichanganye na nyingine. Hiyo, kama mafuta ni kidogo tu, ikichanwa ina kazi nzuri kwenye lundo.

Fundi pia ni rasilimali ya mazingira, ingawa hakuna amwitaye hivyo. Anayetengeneza redio, cherehani, viatu au baiskeli anazuia kitu kipya kisitengenezwe. Mwaka 2009 huko Amsterdam, Martine Postma alianzisha Repair Café ya kwanza, mahali ambapo mafundi wa kujitolea na wenye vitu vilivyoharibika hukaa meza moja, na wazo hilo limeenea nchi nyingi. Ukitaka kuanzisha la namna hiyo, usianze na jengo. Anza na watu watatu wenye ufundi tofauti, meza mbili, na saa tatu za siku moja kwa mwezi. Mwenye kitu abaki akitazame kikitengenezwa, asikiache na kuondoka. Na kila kilichoshindikana kiandikwe pamoja na kipuri kilichokosekana, ili mwezi unaofuata kipuri kiwe kimepatikana.

Yote haya yaweke kwenye ramani. Karatasi kubwa inatosha, au tumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, ukiweka alama za vituo vya kukusanyia taka, mabomba ya maji ya umma na mafundi. Mimea usiyoijua ipige picha ya jani, ua na gome, uiweke kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wanaojua watakusaidia kuitambua. Kwenye kitalu cha miche swali langu la kwanza lingekuwa mbegu zilitoka wapi, kabla ya bei au urefu wa mche. Mche wa asili ya eneo lako, kutoka miti mama mingi, utastahimili kuliko mia iliyozaliwa na mti mmoja.

Maji ya paa

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lipime kwa urefu na upana wa nyumba pamoja na vipenu, si kwa mteremko. Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 lingetoa lita 1,000. Toa yanayoruka nje na yanayovukia, ubaki na kama 80%, yaani lita 800. Ukubwa wa tangi usiupange kwa wingi wa mvua. Upange kwa idadi ya siku ndefu zaidi zisizo na mvua, mara lita unazotumia kwa siku. Lita 20 kwa siku 40 ni lita 800. Kumbuka tu kwamba kila lita 1,000 zina uzito wa tani 1, na tangi lililokalishwa kwenye udongo laini litainama na kupasua bomba.

Mifereji ya paa iteremke sentimita 1 kwa kila mita. Tundu lolote la tangi, pamoja na la kumwagia ziada, liwe na wavu wenye mashimo yasiyozidi milimita 1, vinginevyo umejenga kitalu cha mbu. Bomba la ziada liwe na kipenyo sawa na la kuingizia, na lipeleke maji mbali na msingi wa nyumba. Tangi lisipitishe mwanga, mwani usiote. Koki ikae sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini.

Sehemu inayosahaulika ni ya kutupa maji ya kwanza. Mvua inapoanza huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, na hayo hayatakiwi tangini. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa: kwa mita 50, lita 25. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo unahitaji mita 3 na kidogo. Linafungwa hivi: maji yakishuka kutoka mfereji wa paa hukuta kiungo cha T. Njia moja inakwenda tangini, nyingine inashuka kwenye bomba lililozibwa chini. Maji machafu hulijaza hilo kwanza. Likijaa, mpira mwepesi uliomo ndani hupanda na kuziba mdomo, na maji safi yanaelekea tangini. Chini kuna kifuniko cha kuzungusha chenye tundu la milimita 2, linalolimwaga bomba polepole ili liwe tupu kabla ya mvua ijayo.

Tundu hilo la milimita 2 ndilo linaloziba. Kipande kimoja cha jani kinatosha. Bomba linabaki limejaa maji ya mvua iliyopita, mvua mpya inaporomosha uchafu wote moja kwa moja tangini, na mwenye nyumba hana habari kwa sababu kwa nje hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo siku moja baada ya mvua, gonga bomba kwa kifundo cha kidole sehemu ya chini. Tupu hulia kama ngoma, lililojaa hutoa mlio mfu. Fungua kifuniko, suuza, rudisha. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1, dakika 3 kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000. Paa la asbesto au lenye rangi ya risasi maji yake yasinywewe hata yakichemshwa, kwa kuwa kuchemsha hakuondoi risasi.

Kabla ya kununua tangi, lakini, hakikisha huna mvujo. Funga koki zote usiku, soma mita, soma tena alfajiri. Namba ikisogea, anza na choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usivute maji kwa dakika 20, tazama bakuli. Rangi ikionekana, mpira wa chini umechoka, na ni kipuri kidogo. Koki inayodondosha ikingie kikombe kwa saa 1, zidisha kwa 24, na utajua kama fundi anafaa kuitwa leo au Jumamosi.

Moto na umeme, kwa kifupi

Kifaa kinachotumia wati 10 kikiwa kimezimwa nusunusu, yaani kwa rimoti huku plagi ikiwa bado kwenye umeme, mwaka mzima, kinakula yuniti 87.6. Orodhesha vifaa vya namna hiyo, halafu vikusanye kwenye kiunganishi kimoja chenye swichi. Mlango wa friji ujaribu kwa karatasi: ibane mlangoni, ivute, ikitoka bila ukinzani, mpira unavujisha baridi.

Jikoni, kapu la joto huokoa mafuta mengi bila kununua jiko jipya. Ni kapu au sanduku lililojazwa nguo kuukuu, majani makavu au vipande vya godoro pande zote, unene wa sentimita 10, na mto mzito juu. Chungu kinatokota, kinafunikwa, kinaingia humo na kujiivisha chenyewe. Kisijazwe nusu, maana kilichojaa huhifadhi joto zaidi. Hatari iko kwenye maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayovunjika kwa kutokota, na kwa joto la nyuzi 80 tu inaweza kuongeza ukali badala ya kupungua. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, yatokote jikoni kwa dakika 30 kamili, ndipo yaingie kapuni. Chakula kikitoka kikiwa chini ya nyuzi 60, kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Ofisini

Chombo kile kidogo cha vitu vya hatari kina kanuni zake. Betri za lithiamu bandika utepe kwenye ncha zote mbili, kwani zikigusana na chuma zinaweza kuwaka, na zilizovimba zikae nje ya nyumba, mbali na vinavyoungua. Balbu ya mirija ikivunjika, fungua madirisha, wote watoke kwa dakika 10 au zaidi, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi. Ufagio hutawanya zebaki iliyomo. Vitu hivi vinapelekwa wapi? Hapo ndipo unapoihitaji ofisi ya mazingira ya eneo lako, na una haki ya kuiuliza. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo la mwaka 1992, inasema kila mtu awe na njia ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka, na nchi nyingi zimeiingiza kwenye sheria zao.

Swali la jumla hujibiwa kijumla. Ukiuliza "mnafanya nini kuhusu taka?" utapewa kipeperushi. Uliza kituo kipi kinapokea betri, siku zipi, na zinapelekwa wapi baadaye. Uliza matokeo ya karibuni ya upimaji wa maji ya mto fulani, kwa jina lake, pamoja na tarehe na mahali sampuli ilipochukuliwa. Ukisikia kiwanda au barabara inajengwa, omba ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na kabla ya yote uliza siku ya mwisho ya kupokea maoni, kwa sababu baada ya siku hiyo hata hoja nzuri haina pa kuingilia. Andika ombi kwa barua, ukurasa mmoja, maswali yasiyozidi matano yenye namba. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe mbele yako, na urudi nayo nyumbani.